Saa 310 za Greda

Mwaka 2019 kamati ya Bunge la Uganda inayochunguza hesabu za serikali za mitaa ilikuja Arua kuzisikiliza wilaya za West Nile. Mezani palikuwa na ripoti za Mkaguzi Mkuu za mwaka wa fedha 2017/2018, ambazo sheria inataka ziwe zimefika Bungeni ifikapo Desemba 31. Wilaya ninayoikumbuka sitaitaja. Ilikuwa na hoja tisa za ukaguzi, na nane zilikuwa zile zile za kila mahali: masurufu yasiyorejeshewa hesabu, kodi ya zuio iliyokatwa isipelekwe URA, yaani mamlaka ya mapato, walimu waliostaafu lakini majina yao bado yamo kwenye orodha ya mishahara. Ya tisa ilikuwa dizeli.

Kuanzia 2017 wilaya zilipewa mitambo ya Kijapani ili zijitengenezee barabara zenyewe, bila mkandarasi: greda, kijiko, shindilia, gari la maji na malori ya kumwaga murramu. Ni mpango mzuri kwa bei. Kwa hesabu ni mgumu, kwa sababu mkandarasi unamlipa kwa kilomita iliyokamilika, na kilomita unaweza kwenda kuipima, lakini mtambo wako mwenyewe unaulisha mafuta, na mafuta yakishachomwa hayaonekani. Wilaya ile ilisema ilitumia lita 24,000 kwa bei ya wastani ya shilingi 3,600, yaani shilingi milioni 86.4. Fedha ziliwekwa kwanza kwenye kituo cha mafuta, kisha zikawa zinakatwa kwa oda zenye namba. Ukaguzi ulipofanyika, oda zilikuwepo. Kumbukumbu za kazi za mitambo hazikuwepo.

Siku ya kuitwa, ujumbe wa wilaya ulifika watu kumi na mmoja, na CAO, yaani Afisa Mkuu Tawala, hayumo. Kulikuwa na barua: yuko Kampala kwenye semina, naibu wake atajibu kwa niaba. Kwa asiyejua hilo ni jambo dogo, ila Katiba, kwenye Ibara ya 164, inamtaja afisa masuuli mwenyewe, yule mwenye dhamana ya fedha, ambaye wilayani ni CAO, kuwa ndiye anayewajibika kwa Bunge. Naibu akijibu, kila jibu lake litakuja kukanwa baadaye na bosi wake kwa maneno mepesi kabisa: hakuniuliza. Mwenyekiti aliwarudisha wote nje. Wilaya nyingine ikaitwa. Na hapo ujumbe ulikuwa tayari umefaidika, maana kamati ikiwa safarini ina siku zilizohesabiwa, na hoja iliyosukumwa hadi jioni ya siku ya mwisho husikilizwa na wabunge waliokwisha kufunga mabegi.

CAO alitokea kesho yake. Alikuwa mtu mpole, mwenye faili moja jembamba, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa kwamba alihamishiwa hapo miezi minne iliyopita, kwa hiyo mambo ya mwaka ule hayajui ila kwa kusimuliwa. Ni kweli tupu. Ma-CAO huteuliwa kutoka Kampala na huhamishwa mara kwa mara, na ukaguzi humkuta mmoja, kamati ikamkuta mwingine. Wajumbe wachanga hukwama hapo, wakaanza kumhurumia. Dawa yake ni ripoti ya makabidhiano. Aliyetoka lazima amwandikie aliyeingia hoja zote zilizo wazi, na aliyeingia huweka sahihi. Mwenyekiti aliiomba. Ilikuwepo, kurasa sita, na hoja ya dizeli ilikuwa ukurasa wa nne ikiwa na maneno "inashughulikiwa". Basi CAO akaambiwa ofisi haihamishwi, ajibu.

Akamgeukia mhandisi wa wilaya, na mhandisi akanyanyua masanduku mawili ya faili.

Hapa ndipo wengi wasiojua kazi hii hudhani mambo yameiva. Karatasi zimeletwa, uwazi umepatikana! Sisi wakaguzi, tuliokaa kwenye meza ya pembeni na afande wa upelelezi anayeambatana na kamati, tuliyaona masanduku yale kwa jicho jingine. Nyaraka ina safari yake. Mkaguzi akikosa kitu, huandika barua kwa menejimenti, menejimenti hujibu, halafu kuna kikao cha kufunga ukaguzi, ambapo kila hoja husomwa na mwenye ushahidi huulizwa kwa mara ya mwisho. Karatasi iliyokosekana ngazi zote hizo, kisha ikazaliwa mbele ya kamati, haiwezi kupokelewa hivi hivi. Lakini pia haiwezi kutupwa. Kamati huikabidhi kwa Mkaguzi Mkuu aihakiki, na neno hilo uhakiki ndilo maafisa wajanja wanalolisubiri. Likishatamkwa hoja imetoka chumbani. Itarudi baada ya miezi, wakati wajumbe wameshika mambo mengine, na mara nyingi huja ikiwa imepungua nusu. Sijawahi kuona mlango wa kutokea ulio mpana kuliko huo, na umejengwa kwa nia njema.

Mwenyekiti yule, wa upinzani kama ilivyo kawaida ya kamati za hesabu, aliujua mlango huo. Hakusema neno uhakiki. Alisema masanduku yafunguliwe pale pale, tutazame karatasi za kazi za greda, mwezi mmoja tu, Desemba.

Karatasi zilikuwa nzuri mno. Kalamu moja, mwandiko mmoja, saa nane kila siku, bila mkunjo wala alama ya kidole cha grisi. Karatasi inayojazwa na dereva juu ya mtambo haiwi hivyo. Tarehe 25 Desemba greda lilikuwa limefanya kazi saa nane. Mjumbe mmoja aliuliza kama wilaya huchonga barabara siku ya Krismasi. Mhandisi akajibu kwamba kulikuwa na dharura ya daraja. Jibu zuri, lililotoka haraka, na lingeweza kupita.

Jumla ya karatasi hizo ilikuwa saa 850 za greda kwa mwaka. Kwa lita 18 kwa saa, kiwango ambacho wilaya yenyewe ilikitumia, ni lita 15,300. Malori mawili yalichukua lita 7,200 na mitambo mingine lita 1,500. Ukijumlisha unapata 24,000 kamili, bila lita moja kuzidi wala kupungua, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mkaguzi avue miwani. Mafuta ya kweli hayafungi hesabu namna hiyo. Daima kuna salio kwenye tangi, kuna jerikeni iliyomwagika, kuna siku gari lilikwama.

Malori hatukuwa na shida nayo. Kilomita zake zilikaribiana na lita. Shida ilikuwa greda, na greda lina mita ya saa. Iko mbele ya dereva, hujihesabu injini ikiwaka, na karibu hakuna anayekumbuka kuighushi kwa sababu wahasibu hawapandi juu ya greda. Mtambo ulifika ukiwa na saa 12. Wakaguzi waliousoma mwisho wa mwaka wa fedha waliandika 322. Tofauti ni saa 310, si 850. Saa 540 zilizobaki ni lita 9,720, karibu shilingi milioni 35.

Mhandisi alisema mita iliharibika mwezi wa Septemba na ikatengenezwa baadaye sana, ndiyo maana saa hazikusomeka. Aliapishwa kabla ya kusema hivyo. Chini ya Ibara ya 90 kamati ina nguvu za Mahakama Kuu katika kuita mashahidi na kuwahoji kwa kiapo. Kiapo, kwa niliyoyaona, hakimfanyi mtu aseme kweli. Kinamfanya achague uongo usioweza kupimwa, na mita mbovu ni uongo wa aina hiyo, au ungekuwa, kama greda lisingehitaji kubadilishiwa oili.

Mitambo hiyo hufanyiwa matengenezo kila baada ya saa 250. Wilaya huandika barua ya maombi, na barua hutaja saa zilizosomwa kwenye mita. Kwenye faili la mtambo, siyo la fedha, kulikuwa na barua moja tu ya mwaka ule, ya Aprili 2018, iliyosainiwa na mhandisi huyo huyo: mita imefika 250, tunaomba matengenezo ya kwanza. Greda lililofanya kazi saa 850 lingekuwa limedai matengenezo mara tatu. Na mita iliyokufa Septemba isingeweza kusoma 250 Aprili.

Mwenyekiti alimsomea barua hiyo polepole, kisha akauliza dereva wa greda yuko wapi. Yuko nje, chini ya mwembe, kaja na gari la ujumbe. Akaitwa. Alikuwa Mnubi wa makamo, akashika Msahafu, akaomba kujibu kwa Kiswahili, na mbunge mmoja wa West Nile akawa anamgeuzia maneno kwa ajili ya kumbukumbu za Bunge.

"Mzee, mita ya greda iliharibika lini?"

"Haijaharibika, Mheshimiwa. Asubuhi hii pia ilikuwa inasoma."

"Na Krismasi ulifanya kazi?"

"Mwezi ule greda lilisimama lote. Mafuta hayakuja."

Mbunge wa eneo, aliyekuwa ameketi na ujumbe tangu asubuhi kwa kile alichokiita kusaidia wilaya yake, aliinuka kuomba kamati itoe mwongozo, isiadhibu. Hiyo nayo ni njia, na ni ya zamani kuliko masanduku. Miezi ile watu walikuwa bado wanazungumzia COSASE, kamati ya Bunge ya mashirika ya umma chini ya Abdu Katuntu, ilivyoihoji Benki Kuu kuhusu benki saba zilizofungwa kati ya 1993 na 2016, na wengi waliona kukwepa maswali ni sanaa ya wakubwa wenye mawakili. Wilayani inafanywa bila wakili hata mmoja, kwa semina, uhamisho na jamaa bungeni.

Mwenyekiti alimshukuru mbunge na kuamuru mhandisi na karani wa mafuta waandikishe maelezo kwa afande. Walitolewa hadi chumba cha pili. CAO alibaki peke yake na hoja nane, akazijibu vizuri.

Baadaye sehemu ya mafuta ilikuja kukubaliwa, kwani lita kama 1,900 zilipatikana kwenye barabara ya wilaya jirani walikoazima greda la pili na kulilisha kwa oda zao. Hilo lilikuwa na barua na lilikuwa kweli. Zilizobaki, kamati ilipendekeza zirejeshwe na waliohusika. Pendekezo la kamati si hukumu. Lazima lipite Bunge zima, kisha Wizara ya Fedha ijibu kwa maandishi imefanya nini, na Bunge la 10 lilimaliza muda wake Mei 2021. Hadi nilipoacha kufuatilia, mhandisi alikuwa amekatwa mshahara kwa miezi michache na karani alikuwa ameacha kazi.

Athari iliyoonekana upesi ilikuwa ya usiku ule ule. Wilaya zilizokuwa hazijaitwa zilijaza ukumbi wa nyumba ya wageni, kila mmoja na simu sikioni, wakiamsha madereva waende yadi kusoma mita. Asubuhi karibu wote walikuja na picha za mita kwenye simu zao, na hesabu kadhaa zilikuwa zimebadilishwa kwa kalamu pembeni. Wilaya moja ilikuja na picha ya mita mpya kabisa, imefungwa juzi, inasoma sifuri.