Kanisa lisilo paa la Ablain

Jumapili nisipokuwa na zamu, namchukua binti yangu tunatoka Lens, kaskazini mwa Ufaransa, kwa gari kwenda kijiji cha Ablain-Saint-Nazaire. Hata nusu saa haifiki. Ukiingia kijijini unaliona kanisa: mnara mweupe ulioliwa juu, na nyuma yake kuta ndefu zisizobeba chochote. Nyasi zimeota pale walipokuwa wakipiga magoti.

Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 16, kwa ule mtindo wa Gothiki wa mwishoni mwa Zama za Kati, ambao mawe ya madirisha huchongwa yakapindapinda kama ndimi za moto. Anatajwa mjenzi Jacques Le Caron, huyohuyo wa mnara wa kengele wa Arras. Wenyeji husimulia kwamba bwana wa eneo hili alilijenga kwa shukrani, baada ya binti yake kupona ugonjwa. Likakaa miaka mia nne. Mwezi Oktoba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakashika kijiji, na Mei 1915 Wafaransa wakakirudisha nyumba kwa nyumba, mizinga ikipiga kutoka pande zote. Vita vilipokwisha watu walijijengea kanisa jipya, hili wakaliacha kama lilivyo.

Mimi linanivuta kwa sababu ya jiwe. Marehemu baba alikuwa mwashi Lamu, mtu wa matumbawe na chokaa, na kabla ya kugusa ukuta wowote aliubisha kwanza kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Ukilia mzito, ni mzima. Ukilia kama mtungi mtupu, umeachia ndani. Nami nikifika Ablain nafanya hivyohivyo. Jiwe la huku ni jeupe na laini, jamaa wa karibu wa chaki. Ukiweka kiganja ukakiondoa, kina unga. Safari hii nilibisha usawa wa kifua changu, nikasikia utupu: kipande cha upana wa chapati, kimesimama kwa mazoea tu. Mvua huingia kwenye vitundu vya jiwe, usiku wa Januari maji yakaganda, na maji yakiganda hutanuka. Mwaka huu ufa kama unywele, mwaka ujao tabaka zima liko chini.

Ndiyo maana naumia nikisikia mtu anasema ukuta kama huu upakwe saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, tena haipitishi unyevu. Maji yanakwama nyuma yake, na jiwe linaozea ndani huku nje kunang'aa. Chokaa inapumua. Ikichoka inapukutika yenyewe, unapaka nyingine. Baba alikuwa akisema, chokaa ndiyo ife, jiwe libaki.

"Baba, mbona hawaliwekei paa?" binti yangu aliuliza.

Nikamwambia, walitaka liachwe hivi, watu wakumbuke vita.

Akatazama majani yaliyochongwa mlangoni, mengine yamebaki kikonyo tu. "Lakini haya yatakwisha, baba."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo ninavyoandika sina.

Kisha tukapanda kilima cha Notre-Dame-de-Lorette, hapohapo juu ya kijiji. Kuna askari zaidi ya 40,000 wamelala huko, na tangu 2014 kuna mzingo mkubwa wa ukumbusho wenye majina kama 580,000 ya askari waliokufa, maadui na marafiki pamoja, kwa mpangilio wa alfabeti, bila cheo wala taifa. Sisi huenda kwanza upande wa makaburi ya Waislamu. Safu zao zimeelekezwa Makka, zimekaa mshazari na misalaba ya wenzao. Tukasoma Fatiha. Tuliponyanyua mikono kuomba dua, nikaona viganja vya binti yangu bado ni vyeupe kwa unga wa ukuta ule.