Kitabu changu cha kwanza

Leo nimekifungua tena kitabu cha kwanza nilichokichorea picha. Kurasa 24. Wakati ule nilikuwa nachora mabango ya saluni Temeke, nikadhani picha ni picha tu. Kumbe bibi wa kwenye hadithi alitakiwa abaki yule yule mwanzo hadi mwisho: mwanya wake, kanga yake, hata anavyoinama kuchochea moto. Ukurasa wa 9 nikamvika kanga ya korosho, wa 10 ya maua! Mhariri akaniambia kwa upole, "Kaka, watoto wataliona hilo kabla yako." Nikarudia picha sita usiku, feni nimezima ili rangi za maji zisikauke upesi.

Malipo yalichelewa, hilo nalipita. Kilichoniuma ni uso wa mjukuu: niliuweka katikati ya kurasa mbili, kitabu kilipofungwa ukamezwa na mkunjo. Tangu hapo nakunja kwanza kijitabu cha karatasi tupu, nachora kwa penseli, ndipo naigusa rangi.

Juzi mtoto wa dada yangu, miaka 5, aliweka kidole kwenye ile kanga ya korosho akasema, "Kama ya bibi." Ni ya mama, kweli. Niliichora ikiwa imeanikwa kambani.