Chini ya Via Salaria

Via Salaria ni barabara ya kale iliyopitisha chumvi, na leo imejaa magari. Mlango wa katakombe ya Priscilla, makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa kale, uko kando yake, katika nyumba ya masista Wabenedikto. Tulishuka ngazi na kuliacha joto la Julai huko juu. Chini kulikuwa na baridi ya kutaka sweta.

Wengi tumekua tukisikia kwamba Wakristo wa kwanza walijificha humu. La, walizika humu. Sheria ya Kirumi ilikataza kuzika ndani ya mji, na mwamba wa tufo ulio huku ni laini kuchimba, kisha hukaza ukipigwa na hewa. Vichochoro vinafika kama kilomita 13, kuta zake zimetobolewa makaburi, moja juu ya jingine. Kilichonichoma moyo ni yale mafupi, ya watoto wachanga. Ni mengi mno.

Kisha tukaingia katika chumba cha Mwanamke wa Ushungi, kilichochorwa nusu ya pili ya karne ya 3. Amesimama katikati, gauni lake rangi ya damu ya mzee, mikono ameiinua kuomba, macho makubwa yanatazama juu. Upande mmoja wake wapo watu watatu, pengine ni ndoa yake; upande wa pili mama amempakata mtoto. Darini Mchungaji Mwema amebeba mbuzi begani, na tausi wako karibu. Pembeni wapo vijana watatu katika tanuru la moto, Ibrahimu na Isaka, na Yona akitoka kinywani mwa samaki.

Nilitafuta msalaba, sikuuona. Hakuna anayekufa katika picha hizi; wote ni watu ambao Mungu aliwatoa katika hatari. Naamini waliomzika Mwanamke wa Ushungi walikuwa wakiomba kwa rangi: kama ulivyomtoa Yona, mtoe na huyu. Sala ya kale ya Kilatini ya kumwombea anayekata roho huwataja Isaka na vijana wale wale watatu.

Mahali pengine, juu ya kaburi, kuna mchoro mdogo ambao ungeupita usipoonyeshwa: mama na mtoto kifuani, na kando yao mtu anayenyoosha kidole kwenye nyota, huenda Balaamu, yule wa Agano la Kale aliyetabiri nyota. Hutajwa miongoni mwa picha za kale kabisa za Bikira Maria. Ningekaa hapo mchana kutwa, lakini kundi jingine lilikuwa linasubiri, na pumzi za watu wengi huleta unyevu unaoharibu rangi.