Wiki Mbili za Daftari

Sauti yangu ilikauka kidogo kidogo. Yalianza mafua ya kawaida, koo likafuatia kuwasha, na asubuhi ya siku ya nne nilipofumbua mdomo kumwamkia mama, ikatoka pumzi tupu. Daktari alinieleza kwamba nyuzi za sauti, ambazo tunapozungumza hutetemeka zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja, zilikuwa zimevimba, akanipiga marufuku kusema kwa wiki mbili. Hata kunong'ona alikukataza, nami siku zote nilidhani kunong'ona ndiko kupumzisha koo, kumbe kwaweza kulichosha zaidi.

Nikanunua daftari dogo, nikijipa moyo kwamba mtu anayeishi kwa kuandika hawezi kushindwa na jambo hilo. Kilichonishinda ni wakati. Jioni moja tukiwa mezani, mdogo wangu alinitania, nami nikapata jibu papo hapo, tena jibu la kuvunja mbavu. Lakini hadi nimalize kuliandika na kuligeuza daftari walione, mazungumzo yalikwisha kuhamia kwenye ugonjwa wa shangazi, na utani wangu ukasomwa kimya kimya, kwa adabu, kama salamu za rambirambi. Tangu siku hiyo nikawa naandika maneno mafupi tu: "Ndiyo." "Baadaye." "Sina neno." Watu nao wakazoea kunijibia kabla sijashika kalamu, na jirani mmoja (Mungu amsamehe) akawa ananipigia kelele sikioni, kana kwamba asiyesema pia hasikii.

Ndipo nilipomkumbuka Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza, ambaye mwaka 1985 alitobolewa koo ili aweze kupumua alipougua nimonia, akapoteza hata ule usemi hafifu aliokuwa amebakiwa nao. Baadaye alizungumza kwa kompyuta yenye lafudhi ya Kimarekani, na zilipopatikana sauti laini zaidi alikataa kuibadilisha ile ya kwanza. Zamani niliuona huo kuwa ukaidi wa mzee.

Siku ya 15 niliruhusiwa kujaribu. Nilisimama ukumbini, nikamwita mama aliyekuwa chumbani, na sauti ikatoka nzito, yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamka usingizini.

"Nani?" akauliza.

"Mimi, mama," nikajibu, kisha nikangoja.