Testi zote zilipita, nikashuku

Mpaka leo nikiona matokeo ya kijani tupu, tumbo hunicheza.

Mimi ni mhandisi mwandamizi wa uhakiki wa chipu. Nafanyia kazi nyumbani Milimani, Kisumu. Kompyuta nzito ziko ng'ambo, naziingia kwa intaneti. Wabunifu huandika chipu kwa Verilog, lugha ya kuelezea saketi, sisi tunaitesa kwenye simulesheni, yaani kuiigiza ndani ya kompyuta, kabla haijaenda kiwandani, maana ikishachongwa kwenye silikoni hairekebishwi kwa bisibisi. Intel walilijua hilo 1994: kosa la kugawanya namba ndani ya Pentium liliwagharimu dola milioni 475.

Basi kijana wa timu yetu akanipigia. "Mkubwa, foleni ya data tumemaliza. Kavareji asilimia 100, wiki nzima hakuna testi iliyofeli." Foleni ni sehemu ya chipu ambapo data husubiri zamu; kavareji ni kipimo cha sehemu za msimbo ambazo testi zimezipitia.

Wiki nzima! Na msimbo wenyewe bado mbichi?

Nikamkumbuka mama. Alipokuwa akiuza samaki aina ya mbuta ufukweni Dunga, mnunuzi akija na mzani wake, mama alitoa pakiti ya unga ya kilo mbili, haijafunguliwa, akaiweka juu kwanza. Mzani ukisoma kilo moja na nusu, biashara imeisha.

Nikachukua nakala ya msimbo wa chipu, nikageuza biti moja makusudi ili foleni itoe data mbovu, nikaendesha testi. Zikapita. Zote!

Mchawi alikuwa skobodi, kile kipande cha kulinganisha kilichotoka na kilichotarajiwa. Hakikuunganishwa, kwa hiyo hakikupokea kitu: kilizunguka orodha tupu, kisha kikaandika "sawa". Kavareji haikudanganya, kazi yake ni kusema tumepita wapi, kama tulitazama ni habari nyingine.

Kuunganisha kulichukua dakika kumi (na stima ikapotea katikati, nikamalizia kwa bando ya simu). Nikaongeza sharti: testi isiyolinganisha hata kitu kimoja, ifeli. Usiku huo, kwa mbegu mpya za nasibu (namba za kuanzishia data ya kubahatisha), testi tatu zikafeli mahali pamoja. Foleni ikijaa nafasi zake 16, kisha kuandika na kusoma vikaja kwenye mpigo mmoja wa saa, data moja inapotea kimya kimya.

Mbunifu alibisha, kama kawaida yao. Nikamtumia namba ya mbegu, airudie testi ileile. Baada ya saa moja akajibu: "Nimeona."

Siku hizi yule kijana huvunja msimbo mwenyewe kabla hajaniletea ripoti. Faili la hujuma zake ameliita unga_kilo_mbili.