Nilivyochagua hedifoni za kutembea nazo Lamu

Hedifoni za kutembea nazo hapa Lamu zina maadui watatu ambao hawaandikwi kwenye boksi: joto lenye unyevu, chumvi ya bahari na mngurumo wa injini za boti. Nilipojitafutia za kwangu niliwatanguliza hao, kisha nikaangalia namna zinavyokaa masikioni. Sauti nikaipima mwisho. Sababu ni kwamba sauti, hasa besi, hutegemea ukaaji. Hedifoni isiyokaa sawasawa hujaisikia bado, hata kama imekuwa ikiimba sikioni kutwa nzima.

Aina ni tatu: za kuingia ndani ya tundu la sikio, ambazo wengi tunaziita iafoni, za kukaa juu ya sikio, na za kufunika sikio lote. Hizi za mwisho ndizo zinazosifiwa kwa starehe, na usiku nyumbani, feni ikizunguka, sifa hiyo ni ya haki. Mchana wa kaskazi mambo ni mengine. Mito yake ya ngozi bandia haipitishi hewa, jasho linajikusanya kuzunguka sikio, na baada ya muda ngozi inaanza kubambuka vipande vyeusi vinavyonata shavuni. Mito ya kitambaa cha mahameli hupumua na hudumu zaidi, ila besi hupungua kwa kuwa hewa huvuja. Uzito nao upo: gramu 250 hazisikiki dukani, husikika utosini baada ya saa moja. Na mavazi yetu lazima yahesabiwe. Mkanda wa kichwani ukikaa juu ya kofia ya viua huiponda na huteleza. Ushungi ukipita kati ya mto na ngozi huacha mwanya, na besi huvujia hapo hapo. Anayevaa ushungi ataridhika zaidi na iafoni, mradi umbo lake liwe dogo lisilochomoza nje ya sikio, maana ikichomoza kitambaa kitaisukuma ndani na sikio litauma.

Za kukaa juu ya sikio, zile nyepesi zenye sponji na spika iliyo wazi nyuma, nazipenda kwa kutembea mjini. Koss Porta Pro ni mfano unaojulikana. Imekuwa sokoni tangu 1984 na mpaka leo inauzwa ikiwa na umbo lile lile. Vichochoro vyetu ni vyembamba, punda anakuja nyuma na mifuko ya saruji mgongoni, mwenyewe anaita "Simile!", na aliyeziba masikio hasikii. Sponji inapitisha sauti ya nje, na hewa pia. Ubaya wake ni kwamba inapitisha pande zote mbili: ukikaa barazani jirani anasikiliza nawe, na ukipanda boti ya Mokowe injini inakumezea muziki wote.

Hapo kwenye boti ndipo watu wanapoumiza masikio. Injini inanguruma, mtu anaongeza sauti mpaka aishinde. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, muda salama unashuka hadi saa 4 kwa wiki nzima. Dawa ni kuziba kelele isiingie, na kipira cha iafoni, kile laini cha mdomoni mwake, kikikaa barabara huziba vya kutosha ukasikiliza kwa sauti ya chini hata ukiwa umekaa karibu na injini.

Kuhusu hedifoni zenye mtambo wa kuzima kelele, nina neno moja kwa watu wa pwani. Mtambo huo una maiki ndogo inayosikia kelele ya nje, kisha saketi inatoa wimbi lililopinduliwa la kelele ile ile ili mawili yafutane. Unafanya kazi vizuri kwa mngurumo wa chini usiobadilika, takriban chini ya hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde. Ndani ya basi la Malindi au Mombasa utaushukuru. Kwenye boti iliyo wazi, upepo wa kusi ukipiga matundu ya maiki, saketi inaudhania ni kelele na kukuundia mvumo mpya ambao haukuwepo. Uzime, au chagua hedifoni yenye hali ya upepo. Mazungumzo ya abiria na kilio cha mtoto huupenya mtambo huo kwa vyovyote. Hizo ni sauti za juu, na huzuiwa na kipira wala si saketi.

Basi nikaamua hivi: sponji kwa miguu, iafoni ya waya kwa boti na basi. Mwenye uwezo wa kununua moja tu, namshauri iafoni, na anapotembea mitaani atoe ya upande mmoja.

Kwenye ukaaji wa iafoni ndipo penye kazi. Boksi huja na vipira vya silikoni vya saizi tatu, na watu wengi hubaki na vile vya kati vilivyowekwa kiwandani. Masikio mawili ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani. Langu la kushoto linataka kikubwa na la kulia cha kati. Kuvaa kuna namna yake. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio, ivute juu na nyuma kidogo. Tundu linanyooka. Ingiza kipira huku ukikizungusha, kisha achia sikio lijifunge. Sasa piga mlio wa hezi 50 kutoka programu yoyote ya simu ya kutoa milio, kwa sauti ndogo, na uibonyeze iafoni taratibu kwa kidole. Mlio ukiongezeka nguvu, hewa ilikuwa inavuja: panda saizi moja. Mlio usipobadilika, umepata. Tafuna kidogo na ugeuze shingo. Kipira kikichomoka kwa kutafuna, jaribu kipana kilicho kifupi.

Ukisikia maumivu, tazama yako wapi. Yakiwa ndani ya tundu, tatizo ni kipira na dawa yake ni kubadilisha saizi. Yakiwa nje, kwenye bakuli la sikio au kwenye kile kinundu cha mbele, tatizo ni umbo la iafoni yenyewe na hakuna kipira kitakachoponya. Hiyo irudishe kwa muuzaji bila kujadiliana na nafsi. Maumivu ya nje huchelewa kuja, kwa hiyo dakika mbili za dukani hazitoshi; omba ukae nayo nusu saa. Mimi huenda na vipira vyangu na kitambaa chenye spiriti, naifuta shingo ya iafoni kwanza, na muuzaji akiona hivyo hakatai kunifungulia boksi.

Vipira vya sponji, vile vya kufinyanga kwa vidole na kushikilia sikioni kama nusu dakika mpaka vitanuke, huziba kuliko silikoni. Lakini hunywa jasho, na kwa unyevu wa huku havikauki vizuri. Naviweka kwa safari ndefu tu. Na aliyetoka kuoga baharini asivae iafoni yoyote mpaka masikio yakauke kabisa. Tundu lenye maji likizibwa kwenye joto ni kitalu cha fangasi.

Nyimbo za kupimia ziwe unazozijua mpaka mahali mwimbaji anapovuta pumzi. Mimi hutumia udi, na hasa udi wa marehemu Zein l'Abdin, mwanamuziki wa taarab na mwana wa Lamu, kwa sababu udi hauifichi hedifoni mbovu. Uzi wa chini kabisa wa udi uko karibu na hezi 65. Kwenye hedifoni nzuri unasikia mguso wa kwanza wa uzi, halafu mbao inajibu, na kila noti ina kimo chake. Kwenye hedifoni iliyojazwa besi kiwandani nyuzi zote za chini hugeuka mvumo mmoja, noti hazitofautiani, na sauti ya mwimbaji inafunikwa. Besi ya namna hiyo humvutia mtu dukani kwa dakika chache, kisha humchosha maisha yake yote.

Upande wa juu, sikiliza herufi "s" na "sh". Zikichoma, hedifoni ina mwinuko mkali mahali fulani kati ya hezi 5,000 na 9,000. Kwa wapenzi wa taarab za zamani hili ni kubwa, kwani rekodi nyingi tunazozisikiliza zimetoka kwenye kanda za kaseti na zina mchirizo wa kanda juu yake. Hedifoni kali huutoa mchirizo huo mbele ya fidla. Kwa rekodi hizo mimi hupendelea hedifoni iliyopoa kidogo juu, hata kama kwa muziki wa kisasa itaonekana haina mng'aro.

Rekodi hizo kuukuu zina faida nyingine: nyingi ni za mono, yaani pande zote mbili zinapata sauti moja. Mwimbaji anatakiwa asimame katikati ya kichwa hasa. Akielekea kushoto, geuza iafoni, ya kushoto iende kulia. Akihamia upande wa pili, spika mbili za ndani hazilingani na kasoro ni ya hedifoni. Akibaki pale pale, kipira chako kinavuja au sikio lina nta. Kabla ya kulinganisha hedifoni mbili, sawazisha sauti ya mwimbaji iwe kiasi kimoja kwenye zote, kwa sababu ile yenye sauti kubwa kidogo huonekana bora kila mara, na wauzaji wanalijua hilo.

Namba za kwenye boksi ni chache zenye maana. "Hezi 20 hadi 20,000" huandikwa hata kwenye iafoni za bei ya chini kabisa na haikuelezi lolote. Tazama ukinzani, yaani jinsi hedifoni inavyozuia umeme, unaopimwa kwa omu, na usikivu, yaani sauti inayotoka kwa nguvu ya umeme inayoingia. Ya omu 16 au 32 yenye desibeli 100 kwa miliwati moja inaendeshwa na simu yoyote. Ya omu 300 yenye usikivu huo huo, kwa umeme wa simu ile ile, itatoka chini kwa takriban desibeli 10, na utaongeza sauti mpaka mwisho ukiwa bado unatamani. Hizo za omu nyingi waachiwe wenye amplifaya mezani.

Waya au Bluetooth? Bluetooth ni raha, na kwa muziki wa kutembea hasara ya sauti ni ndogo. LDAC, mojawapo ya njia za kubana sauti ipite hewani, hufika kilobiti 990 kwa sekunde, na hata SBC, ile njia ya kawaida, inatosha kwa nyimbo zilizotoka kwenye kaseti. Ninachokikataa ni betri. Zile ndogo zisizo na waya kabisa zina betri ndogo mno iliyogundishwa ndani, joto huizeesha upesi, na ikichoka kuibadilisha ni shida. Jasho lenye chumvi nalo hula vile vituo vidogo vya kuchajia: ukiirudisha kwenye kasha ikiwa na jasho, umeme unapita kwenye unyevu na shaba inaota kutu ya kijani. Anayezitumia azifute kabla ya kuzirudisha, kila mara. Alama ya IPX4 kwenye boksi, ya kustahimili maji, maana yake ni marasharasha ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Maji ya bahari hayamo katika kipimo hicho.

Simu yako ikiwa haina tundu la milimita 3.5, kiunganishi cha USB-C kitahitajika, na kinunuliwe kile chenye chipu ya kubadilisha sauti ndani yake. Visivyo na chipu hukubali kwenye simu chache tu.

Utunzaji wa huku ni wa chumvi zaidi kuliko vumbi. Nikitoka kwenye boti naifuta iafoni, waya na plagi kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kisha kikavu, na usiku zinalala kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana pamoja na pakiti za silika, zile zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vipira vinatolewa na kuoshwa kwa sabuni. Upande mmoja ukianza kufifia, kabla ya kuutupa tazama kile kichujio kidogo mdomoni: mara nyingi ni nta tu. Kielekeze chini wakati wa kukipiga mswaki laini mkavu, la sivyo nta inaingia ndani.

Waya ukikatika huwa ni karibu na plagi. Kata sentimita mbili au tatu juu ya mkatiko, na pitisha kifuniko cha plagi mpya kwenye waya kabla ya kulehemu, maana baadaye hakipiti. Ndani utakuta nyuzi nyekundu, kijani au buluu, na rangi ya shaba. Zimepakwa vanishi, na risasi ya kulehemu haishiki mpaka uichome vanishi kwa chuma cha moto chenye tone la risasi mpaka nyuzi zing'ae. Nyekundu ni kulia, inakwenda pete ya kati. Kijani au buluu ni kushoto, inakwenda nchani. Ya shaba ni ya pamoja, inakwenda shinani. Waya uliokuwa na maiki una uzi wa ziada. Mimi huuacha na kutumia plagi ya sehemu tatu. Kabla ya kufunga, weka mita kwenye omu, gusa ncha na shina: isome karibu na ile 16 au 32 iliyoandikwa, na iafoni ikiwa sikioni utasikia mkwaruzo mdogo upande wa kushoto. Rudia kwa pete na shina, mkwaruzo uhamie kulia, ndipo ufunge.