Rojo zito la spageti bila nyama: malizana na maji kwanza

Rojo la spageti lisilo na nyama likiharibika, mara nyingi kilichoharibu ni maji. Nyanya, uyoga na vitunguu vimejaa maji, na ukivitia sufuriani kwa mkupuo vinachemka tu, havikaangiki. Unaishia na mchuzi mwepesi unaoteleza kwenye spageti na kutuama chini ya sahani.

Kwa watu 5 andaa spageti gramu 500, kamande kavu gramu 200 (pwani wanaziita adesi), uyoga gramu 250, nyanya zilizoiva hasa kilo 1, nyanya ya pakiti gramu 70, vitunguu maji 2, karoti 2, kitunguu saumu punje 4, mafuta vijiko 5 vya chakula na sosi ya soya kijiko 1.

Kamande zichemshe peke yake, dakika 20 hadi 25, ziive bila kupondeka. Usizipikie ndani ya nyanya: uchachu huzizuia kulainika, na saa nzima baadaye bado utazitafuna kama changarawe. Zile nyekundu zilizokobolewa waachie wapika supu, hapa zitakupa uji.

Uyoga ukate vipande vidogo, kama punje za mahindi. Utie kwenye kikaango kikavu, moto mkali, bila mafuta wala chumvi. Utatoa maji mengi. Subiri yakauke yote. Sasa ndiyo utie mafuta vijiko 2 na kuuacha upate rangi ya kahawia, kama dakika 5, bila kuukorogakoroga. Ile ladha watu wanayoifuata kwenye kima, kwa sehemu kubwa, hutokana na kukaangwa hadi kuwa kahawia, na uyoga unaiweza.

Kwenye sufuria nzito tia mafuta yaliyobaki, vitunguu vilivyokatwakatwa, karoti zilizokwaruzwa na chumvi nusu kijiko cha chai. Moto wa wastani, dakika 15. Wengi hufanya 3 wakaendelea, halafu wanaongeza sukari kutafuta utamu ambao vitunguu vingewapa bure. Tia kitunguu saumu, kisha nyanya ya pakiti, uikaange mpaka wekundu wake ufifie kuwa rangi ya tofali na mafuta yajitenge. Ikishika chini, dondosha maji kijiko kimoja na ukwangue kwa mwiko.

Mimina nyanya zilizomenywa na kusagwa. Acha zitokote dakika 30 bila mfuniko, maana mfuniko unarudisha mvuke sufuriani. Pitisha mwiko katikati: njia ikibaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, limekuwa tayari. Changanya kamande, uyoga, sosi ya soya na pilipili manga, dakika 10 nyingine. Unga wa ngano wa kulifanya rojo liwe zito usiuguse, unaua ladha.

Spageti ichemshe kwenye maji lita 5 yenye chumvi vijiko 2 vya chakula. Itoe dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, usiisuuze, na uhifadhi kikombe kimoja cha maji yake. Malizia kuipika ndani ya rojo ukiongeza maji hayo kidogo kidogo: haya yana wanga, ndiyo yanayolifanya rojo ling'ang'anie. Rojo likilala kwenye friji, kamande huzidi kunywa maji, kwa hiyo asubuhi lilegeze kidogo unapolipasha.